Hakuna Kilichovunjika

Mguu ulioteguka ni ugonjwa usio na heshima. Ukishikwa na malaria watu watakuletea uji. Ukivunjika mfupa watakuja kukaa mkekani kwako, wataigusa ile plasta kwa kidole na kutikisa kichwa. Lakini ukiteguka kifundo cha mguu watakupa pole huku wanapita, na keshokutwa watakuuliza mbona bado umekaa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Soni. Naitwa Halima. Mwaka juzi niliteguka mguu, na jeraha ambalo lingepona kwa wiki tatu lilinichukua miezi mitatu na kitu kingine ambacho hakirudi. Sasa natembea vizuri. Lakini kila masika na kila vuli namwona mwanamke anashuka mlimani anachechemea, mguu umevimba hadi kandambili haiingii, na najua nyumbani ameshaambiwa nini. Namwandikia huyo. Sitajifanya kuwa sina uchungu, kwa sababu ninao.

Nyumba yetu iko juu ya mji, mwendo wa dakika ishirini kwa njia ya ngazi zilizochimbwa kwenye udongo. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Nilikuwa nashuka kwenda kazini na jora la kitambaa cha sare za shule kichwani. Mwezi huo ndio tunaanza kushona sare, maana Januari shule zikifunguliwa kila mzazi anataka ya kwake siku hiyo hiyo. Nikakanyaga ukingo wa ngazi, udongo ukameguka, mguu wa kulia ukajikunja kwa ndani na uzito wangu wote ukaja juu yake. Nilisikia mlio mdogo, kama mtu amekata uzi kwa meno. Kisha nikajikuta nimekaa kwenye tope na jora limebingirika hadi kwenye migomba.

Nilikaa pale mpaka pumzi ikarudi. Nikajaribu kusimama, nikaweza. Nikapiga hatua tano, sita, kwa maumivu, lakini nikapiga. Nikalifuata jora, nikalipangusa kwa kanga, nikarudi nyumbani polepole. Mtu anayejua angeniambia pale pale kwamba zile hatua sita zilikuwa habari njema. Hapakuwa na mtu huyo.

Alikuwepo mama mkwe. Simsemi vibaya. Aliponiona alilia kwa huruma, akaniketisha kwenye kigoda, akachemsha maji na chumvi, akauingiza mguu wangu kwenye beseni maji yakiwa ya moto kiasi kwamba nilipiga kelele.

"Vumilia, Mama Rehema," aliniambia. Rehema ni binti yangu, ameolewa Korogwe. "Bila moto, damu italala humo humo."

Akanikanda kwa kitambaa cha moto, akanichua kwa dawa ya kuchulia, kutoka kwenye vidole mpaka kwenye goti na kurudi. Jioni kifundo kilikuwa kimevimba mara mbili ya asubuhi. Yeye akaona hiyo ni dalili kwamba ubaya unatoka. Kesho yake akamwita mzee mmoja wa jirani anayejulikana kwa kurudisha viungo. Nikamwamkia, akaitikia, akashika kisigino kwa mkono mmoja na vidole kwa mwingine, akavuta na kuzungusha. Sikumbuki nilisema nini, ila mume wangu baadaye aliniambia nilimtusi mzee wa watu na kwamba itabidi niende kumwomba radhi.

Mume wangu anaitwa Athumani. Ni dalali wa mboga sokoni, mtu anayeamka kabla ya jua na kuzungumza na madereva wa malori hadi sauti inakauka. Hakunipiga wala kunifokea. Alichokuwa nacho ni neno moja dogo, "tu." Mguu tu. Umeteguka tu. Mimi mwenyewe niliteguka mara tatu nilipokuwa nacheza mpira, nikafunga kitambaa tu.

Siku ya tano nilirudi kwenye cherehani.

Wanaoijua cherehani ya miguu wanajua kwamba pedali haipumziki. Ni kifundo kinachofanya kazi, mbele na nyuma, siku nzima. Nilijaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, mshono ukawa unapinda. Nikaurudisha wa kulia. Mwanaidi, fundi mwenzangu tunayeshirikiana naye lile baraza, aliutazama mguu wangu uliokuwa umegeuka rangi ya bilinganya hadi kwenye vidole, akasema, "Wewe mwanamke, nenda nyumbani." Nilimjibu kwamba nimewaahidi wazazi. Ndivyo nilivyokuwa. Niliona aibu kumwambia mzazi kwamba sare ya mwanawe haitakuwa tayari kwa sababu ya kifundo cha mguu. Kama ingekuwa homa, ningesema.

Nilishona hivyo mwezi mzima. Asubuhi nilishuka zile ngazi kwa makalio kama mtoto mchanga anayejifunza, nikiangalia kwanza kama hakuna anayeniona. Mchana kifundo kilijaa. Jioni nilipanda mlima nikishika migomba na nguzo za ua. Nyumbani maji ya moto yalikuwa yananisubiri kila siku, kwa upendo. Mguu ukaanza kuwa na tabia yake: nikisimama vibaya kidogo, unaniacha. Unajikunja wenyewe kama bawaba iliyolegea. Nilinenepa upande mmoja na kukonda mwingine. Paja la kulia lilipungua, kiuno kikaanza kuuma kwa kutembea kwa kupinda. Nilianza kuwa mkali. Nilimfokea mteja kwa sababu ya kifungo. Athumani akaanza kuchelewa kurudi, na akirudi anaongea na mama yake.

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili nilikuwa nashuka kwenye baraza la kazini, kimo cha kiganja tu, na mguu ukaniacha. Safari hii sikuweza kusimama. Mwanaidi alinipakia kwenye pikipiki, akapanda nyuma yangu akinishika, tukaenda kituo cha afya.

Benchi la pale ni la mbao, limeng'aa kwa kukaliwa. Nilikaa kati ya mama mwenye mtoto wa kikohozi na mzee aliyekuja kupima presha. Tulikaa muda mrefu. Mtoto alilala, akaamka, akalala tena. Yule mzee aliniuliza naumwa nini, nikamwambia nimeteguka. "Aa," akasema, akageukia upande mwingine. Hata kwenye benchi la wagonjwa kuna ngazi, na mimi nilikuwa chini kabisa.

Daktari alibonyeza mifupa, akaniambia safari hii sijaweza kukanyaga kabisa, kwa hiyo niende Lushoto hospitali nikapigwe picha ya mifupa. Nikaenda kesho yake. Benchi jingine. Nikaitwa, nikalazwa kwenye meza ya baridi, nikaambiwa nitulie. Nikarudi kwenye benchi. Alasiri daktari kijana akatoka na picha mkononi, akatabasamu.

"Mama, furahi. Hakuna kilichovunjika."

Nilifurahi, kweli. Nilimpigia Athumani pale pale nikamwambia maneno yale yale. Akasema, "Si nilikuambia?" Sikujua kwamba nimempa silaha.

Aliyenitibu hasa ni muuguzi mmoja mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuja kunifunga bandeji. Alifunga huku anauliza.

"Mara ya kwanza ulipoanguka, uliweza kukanyaga?"

"Niliweza, nesi. Hatua tano au sita."

"Mfupa wenyewe, hapa nyuma ya hili fundo, na hapa ubavuni mwa wayo, palikuwa panauma ukibonyeza?"

"Palipouma ni hapa mbele, kwenye nyama."

"Vidole vilikufa ganzi? Vilikuwa baridi? Mguu ulipinda umbo?"

"Hapana."

Akaacha kufunga. "Basi mama, siku ile ungejitibu nyumbani kwako na ungepona. Usingenijua mimi. Mlifanya nini?"

Nikamweleza. Maji ya moto, kuchua, kuvuta, cherehani. Alikuwa akirudia kila neno kwa sauti ya chini, kama mtu anayesomewa orodha ya vitu vilivyoibwa nyumbani kwake.

"Maji ya moto siku ya kwanza," akasema mwishowe. "Kila nyumba ya huku. Na mvua zenyewe zinateremsha maji ya baridi mpaka mlangoni."

Kisha akaniambia la kufanya, na nitaliandika hapa kama alivyoliongea, maana dakika kumi zile ndizo dawa pekee niliyopata. Siku mbili tatu za mwanzo, baridi: kitambaa kiloweshwe maji ya mtoni, kikamuliwe, kiwekwe juu ya uvimbe kama robo saa, kiondolewe, na baada ya saa moja au mbili kirudiwe. Moto usiguse, kuchua kusiwepo. Bandeji ianzie karibu na vidole ipande juu, ishike bila kubana. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, legeza. Mguu ulale juu ya mito, juu kuliko kifua, si kwenye kigoda. Panadol kama inauma. Usiukanyage bila sababu. Uvimbe ukishaanza kushuka, usiuache ukae kama gogo: uusogeze, uandike herufi hewani kwa kidole gumba, a mpaka z. Ukiweza kutembea bila kuchechemea, simama kwa mguu huo mmoja ukishika meza, kila siku, mpaka uweze bila kushika meza. Hapo ndipo mguu unajifunza tena kutokukuacha. Na nguvu zisiporudi baada ya wiki kadhaa, urudi hospitali.

"Na cherehani?" nikauliza.

"Cherehani wiki tatu hapana. Ukiniuliza tena nitasema nne."

Nilirudi nyumbani nimeamua kumtii. Nikampelekea Mwanaidi sare zote zilizobaki, akazichukua. Mama mkwe nilimwambia kwa adabu kwamba hospitali wamekataza moto. Jioni aliniletea kitambaa cha maji baridi mwenyewe, akakiweka vibaya, akakirekebisha. Lile nalihesabu.

Athumani hakukigusa kitambaa hicho.

"Mwezi mzima umeshona na mguu huo huo," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Leo umepigwa picha, hauna kitu, ndiyo unalala?"

"Nimechelewa kupumzika. Ndiyo ugonjwa wenyewe."

"Sijaona ugonjwa unaoongezeka baada ya daktari kusema hakuna."

Siku ya nne ya mapumziko yangu kaka yangu Shabani alipiga simu kutoka Mtae. Yeye ndiye anayeishi na mama yetu, kwenye nyumba ya marehemu baba, chini ya ukingo wa mlima, mahali ambapo gari linakuacha barabarani na unashuka kwa miguu nusu saa kwenye njia ambayo mbuzi wanaishuka kwa tahadhari. Mama alikuwa na presha miaka mingi. Sasa, Shabani akasema, upande mmoja umelegea na chakula hakishuki.

"Shikamoo kaka. Yuko kituo cha afya?"

"Marahaba. Tumempeleka, tumerudishwa naye. Anakuulizia, Halima. Njoo."

Nikamwambia kuhusu mguu. Nikamweleza bandeji, wiki tatu, ile njia ya kushuka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kaka yangu si mtu wa kukatiza.

"Athumani ameniambia ulikuwa kazini juzi," akasema.

"Nilikuwa kazini, ndiyo. Ndipo nilipoumia tena."

"Kushona nguo za watoto wa watu uliweza."

Hilo ndilo jambo linalonichoma kuliko yote, kwamba alikuwa na haki ya kulisema. Nguvu za mguu ule nilizitumia kwenye pedali, kwa watu ambao sasa hata majina yao siyakumbuki, na siku zilipohitajika kwa mama yangu hazikuwepo.

Nilimwomba ampe mama simu. Tuliongea kwa Kishambaa, yeye kwa upande mmoja wa mdomo. Aliuliza nimeumia wapi, nikamwambia. Aliuliza nani ananipikia. Kisha akasema nisijitese, nisishuke ile njia na mguu mbovu, nitakuja nikipona. Alisema hivyo. Nilimsikia kwa sikio langu. Lakini simu ilikuwa kwenye sikio lake na sauti yangu ilikuwa ndani ya simu, na mle chumbani hakuna aliyesikia isipokuwa maneno ya mgonjwa anayebabaika. Nilipomwambia Shabani baadaye, aliniangalia jinsi unavyomwangalia mtu anayejitungia ushahidi.

Nilimwambia Athumani anitafutie gari la kunifikisha mpaka Mtae na watu wawili wa kunibeba kushuka. Huwa tunabeba wagonjwa kwa machela kupanda mlima. Kumbeba mtu mzima mmoja kushuka si ajabu. Akasema nani atabeba mtu ambaye picha yake ni safi. Akasema tusubiri sikukuu za mwaka mpya zipite, malori yapungue, tutaenda wote. Alisema kwa upole. Sikuwa na nguvu ya kugombana naye na mguu umeinuliwa juu ya mito. Jaribu siku moja kugombana ukiwa umelala chali.

Siku ya kumi, alfajiri, simu ililia. Nilimwona Athumani akiipokea, nikamwona akikaa kitandani, nikajua.

Lazima niwe mkweli hapa: asubuhi ile alifanya kila alichoweza. Basi la Mtae lisingetufikisha kwa wakati. Akapiga simu kwa madereva wake, akapata pikapu iliyokuwa inakwenda Lukozi kuchukua kabichi, akanibeba mgongoni kushuka ngazi zetu zote, akaniweka mbele karibu na dereva. Kumbe aliweza kunibeba. Lukozi tukapata pikipiki mbili. Barabara ya kwenda Mtae ilikuwa imechimbika kwa mvua, na kila shimo niliusikia mguu wangu ukiita. Tulipofika pale juu, ukungu ulikuwa umefunika bonde lote. Hata mapaa hayakuonekana, zilisikika sauti za watu tu.

Athumani alinikatia fimbo. Tukasimama mwanzo wa njia. Alikuwa akiangalia saa.

"Nenda," nikamwambia. "Uwahi janaza."

Alinitazama, akautazama mteremko. "Utaweza?"

"Nenda, Baba Rehema."

Akaenda. Alishuka haraka haraka, akapotea kwenye ukungu, hakugeuka. Sikumlaumu wakati ule. Mwanamume lazima awahi kumzika mama mkwe wake. Nikaanza kushuka peke yangu. Fimbo, mguu mzima, mguu mbovu. Mahali palipoteleza nilikaa chini nikajisukuma. Njia ambayo nilikuwa naikimbia na ndoo ya maji kichwani nilipokuwa msichana ilinichukua zaidi ya saa moja na nusu. Katikati nilisikia wanaume wanaanza kupanda upande wa pili wa kijito wakileta kalima, na nilijua jeneza liko kati yao. Sikuliona. Nilikaa kwenye jiwe, nikasema maneno yangu kuelekea zile sauti.

Nilipoingia uani wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka. Shangazi yangu Mwanahawa, dada yake baba, aliinuka akanishika mkono. Hakunikumbatia.

"Tulikusubiri tumwoshe," akasema. "Tulikusubiri mpaka maji yakapoa. Tukachemsha mengine."

Aliyemwosha mama yangu ni wifi yangu na shangazi na jirani mmoja. Mimi ni binti yake wa pekee. Nimeshona sanda za watu wengi hapa Soni kwa mkono, bila mashine, kama inavyotakiwa, na mama yangu alishonewa na mtu mwingine.

Nilikaa pale msibani siku saba. Mguu ulivimba tena kama siku ya kwanza. Wanawake walikuwa wanapasua kuni, wanasonga bada, ule ugali wa muhogo, wanapanda na ndoo kutoka kijitoni, na mimi nimekaa kwenye kona na mguu umewekwa juu ya gunia la mahindi, juu kuliko kifua, kama nilivyoagizwa. Fikiria inavyoonekana. Nilisikia mmoja akimuuliza mwingine kama yule ndiye mke wa dalali. Siku ya pili bibi mmoja ambaye hata jina lake sikulijua alipita na sufuria, akasimama, akakunja kanga yake kuukuu, akaiingiza chini ya kisigino changu ambapo gunia lilikuwa linachoma, akaendelea na safari yake. Hakusema pole. Nililia hapo kuliko nilivyolia nilipofika.

Shabani hakunikosea adabu hata mara moja. Alinisalimia kila asubuhi, akauliza kama nimekula. Alinitendea kama mgeni aliyetoka mbali.

Tuliporudi Soni nilimuuliza Athumani alimwambia nini kaka yangu kwenye simu.

"Nilimwambia ukweli," akasema. "Aliniuliza hali yako, nikamwambia ulikuwa kazini, umepigwa picha na hakuna kilichovunjika."

"Basi?"

"Basi. Si ndivyo ulivyoniambia wewe?"

Ndivyo nilivyomwambia. Hatukugombana. Tunaishi pamoja mpaka leo, anakula chakula changu na mimi namfulia mashati. Ila tangu siku ile nikiumwa simwambii. Namwambia Mwanaidi.

Kisha nikapona, na kupona kwenyewe kulikuwa rahisi hadi kuudhi. Nilianza upya kwa maagizo ya yule muuguzi. Maji ya baridi, bandeji, mito, siku tatu. Kisha herufi hewani. Mama mkwe alikuwa ananicheka, akidhani nimerudi darasa la kwanza. Wiki ya pili nikatembea uani. Wiki ya tatu nikasimama kwa mguu mmoja nikishika meza, nikihesabu mpaka kumi, nikianguka kwenye saba. Mwisho wa Januari, wakati baridi ya asubuhi imepungua na watu wanaandaa mashamba kwa masika, nilisimama kwa mguu ule nikapiga mswaki mpaka nikamaliza. Wiki tatu na siku chache. Ndizo ambazo zingetosha mwezi wa kumi na moja, kama ningekaa.

Kwa hiyo wewe unayechechemea: ukiweza kupiga hatua nne na mfupa wenyewe hauumi ukibonyezwa, anza na baridi, funga, inua, kaa. Usipoweza kukanyaga, au mguu umepinda, au vidole vimekufa ganzi, usikubali mtu auvute; nenda hospitali. Na ukirudi kutoka hospitali, usiwaambie watu wa nyumbani hakuna kilichovunjika. Waambie kilichochanika, zile kano zinazoshika mifupa. Sema kwa sauti, uwaonyeshe kwa kidole, waambie ni wiki ngapi. Ugonjwa mdogo usipoutetea hakuna atakayeutetea.

Arobaini ya mama ilifanyika Februari. Nilipanda basi la Mtae kama watu wengine, nikateremka pale juu, na jua lilikuwa limewaka hata tambarare za Mkomazi zilionekana chini kabisa. Nilishuka njia bila fimbo. Nusu saa. Nilikuwa na kapu la mchele kichwani, na miguu yangu ilijua kila jiwe. Nilijisikia vizuri mpaka nilipoingia uani na kuwaona wanawake wanavyonitazama: nimesimama wima, nimebeba mzigo, sina hata alama. Ungekuwa mkato, ningekuwa na kovu. Ingekuwa plasta, wangekumbuka plasta. Nilitamani kuchechemea. Naandika hili kwa aibu, lakini nilitamani, na hatua mbili tatu nadhani nilichechemea kweli.

Shabani alikuja kunipokea kapu. Nikamwamkia, akaitikia. Alilishusha chini, akabaki ameinama kidogo, anaangalia chini ya ukingo wa kanga yangu.

"Halima," akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kujua kweli. "Ulikuwa mguu gani?"

Nikamwonyesha. Akautazama kwa muda. Kisha akautazama na ule mwingine. Ilikuwa miguu miwili ya mwanamke mzima, ina vumbi la njia, yote sawa.

"Haya," akasema. "Pita ndani."